Simbilisi dume kashahasiwa, sasa umwangalieje: yanayoharibika baada ya operesheni na cha kufanya

Dume akishatoka kuhasiwa watu wengi wanakodolea macho kidonda tu, kila saa anageuzwa tumbo juu akaguliwe nyuzi, na hapo hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama amekula. Kidonda ni muhimu ndiyo, nitakifikia, ila kinachowamaliza simbilisi wengi baada ya nusu kaputi ni utumbo kusimama. Kwa hiyo ukishika jambo moja tu kwenye haya yote basi shika hili, anza na mdomo wake na mavi yake, halafu ndo ugeukie mshono.

Utumbo wa simbilisi umeumbwa kupitisha nyasi mchana na usiku, chakula kinachoingia ndo kinasukuma kilichotangulia. Akikaa masaa mengi hajala ule msukumo unakufa, kilichobaki ndani kinachacha, gesi inajaa, bakteria wabaya wanapata nafasi, tumbo linauma, na kwa kuwa linauma ndo anazidi kukataa kula, yaani mduara huo ukishaanza kuuvunja ni kazi. Akiwa mnene ni mbaya zaidi maana mwili unaanza kuvuta mafuta na ini linazidiwa. Mbwa anaweza kulala siku nzima hajagusa kitu baada ya operesheni na kesho akaamka anatikisa mkia, simbilisi hana huo muda. Masaa 12 bila kula chochote ni dharura tayari, usisubiri asubuhi ifike.

Kabla hujampeleka

Matatizo mengi yanazuiwa hapa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza jua unamhasi kwa nini. Kama ni ili akae na majike bila kuzaana kila mara, sawa kabisa, hiyo ndo sababu nzuri. Kama ni kwa sababu una madume wawili wanapigana, kuhasi hakutawatuliza sana, ugomvi wa madume unatokana na nafasi ndogo na tabia zao, na utakuwa umemweka kwenye hatari ya dawa ya usingizi bure. Wape banda kubwa zaidi, vyombo viwili vya kila kitu, vichaka viwili vya kujificha, au watenganishe.

Pili tafuta daktari aliyewahi kuhasi simbilisi, sio paka, sio mbuzi. Kwetu huku simbilisi kwa muda mrefu wamefugwa kama kitoweo, Nyanda za Juu Kusini kule Iringa na Njombe wanazurura jikoni, Kivu hivyo hivyo, na wa kitoweo hakuna anayehangaika kumlaza na kumshona. Ndo maana daktari wa mifugo anaweza kuwa bingwa wa ng'ombe na mbwa na bado simbilisi akawa hajamshika. Sio kosa lake, ila uliza. Hospitali za wanyama za vyuo kama ile ya Sokoine pale Morogoro au Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi ni pa kuanzia kuulizia nani anafanya wanyama wadogo, hata kama wewe uko mbali watakuelekeza.

Mwulize maswali haya na usione aibu. Je nimzuie kula kabla? Akikwambia asile tangu jana usiku kama mbwa, hapo shtuka, simbilisi hatapiki, hana haja ya kunyimwa chakula usiku kucha, kinachotakiwa ni mdomo usiwe na mabaki ya chakula wakati wa kulazwa na hilo linamalizwa kwa kuondoa chakula muda mfupi tu na kumsafisha mdomo. Je unafunga ile njia ya kwenye kinena? Hili swali ndo kubwa kuliko yote, simbilisi dume ile tundu inayotoka tumboni kwenda kwenye mfuko wa korodani haijifungi maisha yake yote, korodani zinapanda na kushuka atakavyo, sasa ukitoa korodani ukaacha tundu wazi utumbo au mafuta ya tumboni yanaweza kuchungulia hapo, ndo ngiri hiyo. Daktari anayejua atakujibu bila kufikiri mara mbili. Halafu mwulize anakata wapi, wengine wanakata kwenye mfuko wenyewe, wengine mbele ya mfuko au tumboni. Mimi napendelea mbele ya mfuko au tumboni, kwa sababu mfuko wenyewe unaburuzwa chini kwenye mkojo na mavi kila dakika na majipu ya pale yanasumbua sana. Mwisho uliza dawa ya maumivu na antibayotiki gani utarudi nazo nyumbani, nitaeleza kwa nini.

Mpime uzito wiki moja kabla, kila siku muda ule ule, kwenye mizani ya jikoni inayoonyesha gramu. Andika. Bila namba za kabla, namba za baada hazikwambii kitu. Na umzoeshe sirinji, mtilie maji ya hoho au juisi kidogo isiyo na sukari aone sirinji ni kitu kitamu, siku ukimhitaji hatakukimbia.

Siku ya kurudi

Akifika nyumbani awe ameamka, anakaa kwa miguu yake, anajua aliko. Kama bado analegea kichwa hakijasimama usikubali kumchukua, rudisha ndani waendelee kumwangalia.

Toa maranda yote kwenye banda. Maranda yanaganda kwenye mshono, vumbi lake linaingia kwenye kidonda na kwenye pua. Tandika taulo safi au shuka la zamani la pamba lisilo na nyuzi zinazoning'inia, rangi nyeupe ni nzuri kwa sababu damu na usaha utaviona haraka, na badilisha kila inapoloa, mara 2 kwa siku ndo kima cha chini. Nyasi za kula ziweke kwa wingi pembeni pale asipozilalia. Ondoa ngazi, ghorofa za banda, chochote cha kuruka.

Joto. Dawa ya usingizi inashusha joto la mwili na mnyama mdogo hivi anapoa haraka, kwa hiyo masaa ya mwanzo mwekee chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye kitambaa upande mmoja wa banda, upande mwingine uache bila kitu ili akizidiwa ahame mwenyewe. Ila kama uko Dar au Mombasa au Tanga miezi ya Januari na Februari shida yako itakuwa kinyume, chumba kikizidi nyuzi 28 hivi simbilisi anaanza kuelemewa, na aliyetoka operesheni ndo kabisa. Hapo weka kivulini, feni ipige ukutani isimpige yeye, na chupa ya maji baridi iliyofungwa kitambaa aegemee akitaka.

Ndani ya masaa machache ya kurudi anatakiwa awe ameanza kutafuna kitu. Mpe anavyovipenda kuliko vyote, usiku huu sio wa kubana, majani mabichi ya nyasi, majani ya mahindi, giligilani, kipande cha hoho. Akila mwenyewe hata kidogo kidogo umepona nusu.

Kumlisha kwa sirinji

Asipogusa kitu masaa sita hivi tangu arudi, au anagusa tu na kuacha, anza kumlisha. Usisubiri zile 12 zitimie ndo ukurupuke.

Chakula chenyewe, kama una ule unga maalum wa wagonjwa wanaokula nyasi, Critical Care wa Oxbow, fuata maelezo ya pakiti. Kama huna, na wengi huku hatuna, chukua peleti zake za kawaida za simbilisi, saga ziwe unga, loweka kwenye maji ya uvuguvugu zivimbe, ponda, ongeza maji mpaka ipite kwenye sirinji bila kuziba. Kama peleti za simbilisi hakuna, za sungura zisizo na dawa ndani zitakuvusha hizo siku mbili tatu, soma gunia vizuri maana baadhi zina dawa ya koksidi, vile vijidudu vya utumboni. Usimpe maziwa, usimpe uji wa unga wa mahindi au wa lishe ya watoto, wanga mwingi unachachuka tumboni na hicho ndo tunachokikimbia.

Sirinji ya ml 1 iliyokatwa ncha ikalainishwa ndo rahisi kwa anayeanza, au ya ml 5. Mfunge taulo mwili wote kichwa kibaki nje, mweke mapajani akiwa amekaa kawaida miguu chini, usimlaze chali kabisa. Ingiza ncha pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele kuna uwazi kabla ya magego, elekeza kidogo ndani, sukuma kama nusu ml, subiri. Utaona mashavu yanacheza na masikio yanatikisika, anatafuna. Akimeza ndo unasukuma nyingine. Ukisukuma nyingi kwa haraka inaingia kwenye mapafu na hapo umeongeza ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza. Dume wa kilo moja ambaye hali kabisa anahitaji kama ml 60 kwa siku, kwa hiyo gawa mara 6 au zaidi, ml 10 kila mara, na usiku usiurukishe, weka alamu. Katikati mpe maji kidogo kidogo pia kama hanywi.

Angalizo moja hapa. Kabla ya kulisha gusa tumbo. Likiwa limejaa, limekaza, ukiligonga kwa kidole linalia kama ngoma, usimlishe, hiyo ni gesi na kumjaza chakula juu yake ni kumpasua, huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Na vitamini C. Simbilisi hatengenezi mwenyewe mwilini, kama binadamu, na bila hiyo kidonda hakifungi vizuri. Siku za kawaida anahitaji kama mg 10 mpaka 30 kwa kilo, akiwa anapona mpandishe mg 30 mpaka 50 kwa kilo kwa siku. Kidonge cha mg 100 ukikikata nusu kinamtosha dume wa kilo moja kwa siku, saga changanya na chakula cha sirinji. Usiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa, inaharibika haraka na maji yanabadilika ladha akaacha kunywa kabisa.

Mizani na mavi

Kila asubuhi mizani. Kushuka gramu 20 au 30 siku ya kwanza kwa mnyama wa kilo moja hakunitishi, mwili umepitia mengi na korodani zenyewe zilikuwa na uzito wake. Akishuka 50 au 60 ongeza kumlisha na mpigie daktari. Akifika asilimia 10, yaani wa gramu 1,000 akawa 900, hiyo ni dharura hata kama anaonekana mchangamfu, hawa ni wanyama wa kuwindwa, wanaficha ugonjwa mpaka dakika za mwisho, mizani haifichi.

Mavi yahesabu kwa macho. Mazuri ni marefu kidogo, ya mviringo, yana unyevunyevu, yamelingana. Siku ya kwanza yakiwa machache na madogo ni kawaida. Yakiwa makavu yamechongoka ncha, yameshikana kwa nywele, au hayapo kabisa masaa 24, utumbo umelala. Yakiwa maji maji usijaribu dawa ya kuharisha ya binadamu, peleka.

Maumivu ndo chanzo cha kukataa kula

Watu wanasahau kuwa mnyama anaumwa. Simbilisi anayeumwa halii, anajikunja mgongo juu, manyoya yamesimama, macho nusu, kakaa kona moja anasaga meno taratibu utasikia ukikaa kimya, na ukimletea tango ambalo kawaida analipigia kelele anageuza kichwa. Huyo hakatai kula kwa kiburi, anaumia, na ukimpa dawa ya maumivu nusu saa au saa moja kabla ya kumlisha utashangaa anavyobadilika. Dawa ambayo madaktari wanatoa sana ni meloxicam, siku kadhaa, kipimo apange daktari kwa uzito wake. Usirudi nyumbani bila dawa ya maumivu, omba, na ukiambiwa haina haja sisitiza. Panadol, diclofenac na brufen za nyumbani weka mbali, mwili huu ni mdogo na kukosea kipimo ni rahisi mno.

Antibayotiki, hapa tafadhali soma pole pole

Simbilisi wanakufa kwa dawa ambazo kwa mbuzi na kwa binadamu ni za kila siku. Penicillin, amoxicillin, ampicillin, hizo zote za familia hiyo, na lincomycin, clindamycin, erythromycin, zinaua bakteria wazuri wa utumbo, wanabaki wabaya aina ya Clostridium wanamwaga sumu, na ndani ya siku chache mnyama ameharisha amekufa na wewe ulidhani unamtibu. Tetracycline nazo ni za kuepuka. Sasa angalia hatari ilivyo karibu, amoxilini unainunua duka lolote la dawa mtaani, na duka la dawa za mifugo sindano ya kwanza watakayokupa kwa kidonda ni PenStrep, ambayo ni penicillin na streptomycin pamoja, vyote viwili sumu kwa simbilisi. Hata ile spray ya bluu ya kupulizia vidonda vya ng'ombe, nyingi zina oxytetracycline ndani, wewe unaipulizia nje yeye anailamba.

Zinazotumika kwao ni kama enrofloxacin, na ile mchanganyiko ya trimethoprim na sulfa ambayo wengi tunaijua kwa jina la Septrin, ila hata hizo kipimo ni cha daktari. Andika kwenye karatasi majina ya zile mbaya uende nayo, na ukiona jina hapo kwenye dawa uliyopewa mrudishie kwa heshima mwambie dokta hii simbilisi haimfai, nina watoto wa ndugu wanaofuga na huwa nawaambia bora uonekane mjuaji kuliko kuzika.

Haya, kidonda sasa

Angalia mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni, inatosha, kumgeuza kila saa kunamchosha na kunavuta nyuzi. Mshike mgongo wake ukiegemea kifua chako, mkono mmoja umebeba makalio, mtu mwingine aangalie na tochi.

Siku mbili tatu za mwanzo mfuko umevimba kiasi, una wekundu kidogo, labda mchubuko wa zambarau. Wengine wanashtuka wanasema mbona korodani bado zipo, ni uvimbe tu na damu kidogo iliyoganda ndani, unapungua siku hadi siku. Matone machache ya damu kwenye taulo usiku wa kwanza sio shida. Damu inayodondoka haikomi, bana na kitambaa safi dakika 5 bila kuchungulia chungulia, ikiendelea nenda.

Usipake GV, najua ndo dawa ya kila nyumba, inapaka rangi ya zambarau huoni tena wekundu wala usaha. Usipake spiriti wala detoli, inaunguza nyama mpya na itamfanya ajing'ate. Kama pamechafuka chemsha maji, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita, yapoe, futa kwa pamba taratibu, kausha kwa kitambaa. Usimwogeshe.

Akiwa anazitafuna nyuzi, usikimbilie ile kola ya plastiki ya shingoni. Simbilisi anainama kula mavi laini yanayotoka moja kwa moja, ndo anakopata vitamini nyingine na bakteria wazuri, kola inamzuia na inamtia hofu akaacha kula. Kwanza jiulize kama anatafuna kwa sababu anaumwa, mara nyingi ni hivyo, ongea na daktari kuhusu dawa ya maumivu. Akiwa na mwenzake anayemtafuna yeye, watenganishe.

Inzi. Kwetu kwenye joto hili ni jambo la kweli, kidonda na mkojo vinaita inzi, wanataga, na ndani ya siku moja kuna funza. Banda lifunikwe na neti ya chandarua siku zote za kuponea. Ukiona mayai meupe madogo yamegandamana kwenye manyoya ya nyuma au funza hata mmoja, ni hospitali siku hiyo, usianze kumwagia dawa za kuogeshea mifugo.

Jipu

Hili ndo tatizo la kidonda linalotokea sana kwa simbilisi waliohasiwa, na lina ujanja wake, linakuja wakati ushaacha kuangalia. Siku 5, siku 10, wengine wiki ya tatu. Nje pamefunga vizuri kabisa, pakavu, ila ukipitisha kidole taratibu pembeni mwa kovu unakuta kigololi kigumu kilichoshika upande mmoja, cha moto kuliko ngozi ya pembeni, na kesho kimekua. Dume mmoja wa jirani yangu alikuwa anakula anaruka hana habari, uzito tu ndo ulikuwa umegoma kupanda, na jirani alipompapasa upande wa kushoto ndo akakuta kitu cha ukubwa wa njegere. Kwa kuwa waliwahi lilisafishwa likaisha.

Usilikamue. Usaha wa simbilisi ni mzito kama dawa ya meno, hautoki kwa kubonyeza, unapasukia ndani. Na antibayotiki peke yake haitoshi kwa sababu jipu limejijengea ukuta ambao dawa haipenyi vizuri, inabidi daktari alifungue au alitoe zima na ukuta wake, mara nyingi kwa usingizi tena. Likiachwa wazi lijisafishe utapewa kazi ya kuosha kwa maji ya chumvi kila siku na kuhakikisha tundu halifungi juu kabla ya ndani kupona, ni kazi ya subira lakini inawezekana. Kwa hiyo papasa kila siku mpaka wiki ya tatu, sekunde kumi tu.

Ngiri na mengine ya kukimbia nayo

Uvimbe wa operesheni unapungua, wa ngiri haupungui, au unatokea ghafla siku ambayo kila kitu kilikuwa kimekaa sawa. Unakuwa laini, unaweza kubadilika ukubwa, mkubwa akijikakamua mdogo akitulia, kwenye kinena au kwenye mfuko. Usijaribu kuurudisha ndani kwa vidole. Ukiwa mgumu, unauma, ngozi inabadilika rangi, maana yake utumbo umebanwa na damu haipiti, hapo ni masaa. Na kama mshono umefunguka ukaona kitu cha pinki kinachungulia, funika na kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi, mfunge taulo asijifikie, nenda, saa yoyote ile.

Kupumua nako kusikilize. Nusu kaputi na hofu vinashusha kinga, na wengi wana bakteria wa mapafu waliolala tu. Akianza chafya mfululizo, ute puani, mlio kifuani, mbavu zinapiga kwa nguvu akiwa amekaa, usiseme ni mafua yatapita. Simbilisi hapumui vizuri kwa mdomo, akishafungua mdomo kuvuta hewa yuko hatua za mwisho.

Kama uliyemfanyia operesheni ni jike, kila kitu hapo juu kinabaki ila ongeza uangalizi. Kwake daktari anaingia ndani ya tumbo, ni operesheni kubwa zaidi, anaumia zaidi na kurudi kula kunachelewa zaidi. Mimi jike simpeleki kwa sababu ya uzazi tu wakati kuna dume wa kuhasi, ila wakati mwingine ana vivimbe kwenye vifuko vya mayai, anapoteza manyoya mbavuni pande zote mbili, hapo hakuna namna. Mpangie siku nyingi zaidi za sirinji.

Nyuzi na kurudi kwa wenzake

Nyuzi zinazoyeyuka ziache, zingine zinatolewa siku ya 10 mpaka 14, usizitoe mwenyewe na mkasi wa kucha. Kikiwa kimebaki kiuvimbe kidogo kigumu pale penye fundo la uzi, hakikui, hakina joto, mara nyingi ni mwili unapambana na uzi, mwonyeshe daktari siku ya miadi.

Halafu watu wanamtoa hospitali wanamrudisha kwa majike kesho yake, wiki kumi baadaye kuna watoto. Mbegu zilizobaki kwenye mirija zinaishi, kwa hiyo mtenge na majike wiki 6 kamili. Wengine wanasema 4, mimi nakaa kwenye 6, na hasa kwa jike aliyepita miezi 6 au 7 hajawahi kuzaa, maana mifupa yake ya nyonga inaweza kuwa imeshashikana na mimba ya kwanza kwake ni hatari ya kifo. Kumtenga sio kumfungia peke yake chumba kingine, mpweke naye anaacha kula. Weka banda lake ubavuni mwa lao, wavu katikati, waonane, wanusane, waongee. Akipona kidonda mtembeze upande wao, wenyewe wakiwa hawapo, azoee harufu. Wiki ya 6 ikitimia wakutanishe mahali ambapo hakuna aliyezoea kupamiliki, sakafuni penye nafasi, lundo kubwa la nyasi katikati na vibanda vyenye milango miwili asibanwe mtu kona, ukae hapo hapo uangalie. Dume atazunguka anatikisa makalio ananguruma, hiyo ni salamu, acha. Wakigonganisha meno vichwa juu manyoya ya shingo yamesimama weka taulo katikati, usiweke mkono, warudishe kwenye wavu siku kadhaa ujaribu tena.